Shimo la Mwisho ni Langu

Jumatatu, tarehe 3

Mke wangu kaninunulia daftari. Kasema, "Mume wangu, nimechoka kugombezwa mimi kwa makosa ya watu wa gofu. Wagombeze humu." Haya. Kuandika nimejifunza ukubwani na herufi zangu zimelala chali, lakini zinasomeka. Asiyeweza kuzisoma shauri yake.

La leo ni hili. Mashindano ya ubingwa yanakuja kwetu mwisho wa mwezi, siku nne mfululizo, na binti yangu anataka kuliharibu shimo langu.

Shimo lenyewe ni la kumi na nane, la mwisho. Kwa asiyejua gofu: mtu anapita mashimo kumi na nane na mwenye mapigo machache ndiye bingwa. Kwa hiyo la mwisho ndilo linalomvisha mtu taji au kumvua mbele ya halaiki. Hili la kwetu nimelitengeneza kwa mikono hii. Mfereji unaokatiza mbele ya grini, yaani pale penye nyasi laini na bendera, niliuchimba mimi. Tii ya nyuma, yaani jukwaa wanaposimama kupiga mpira wa kwanza, niliinyanyua mimi kwa udongo wa toroli. Iko mbali sana na bendera, na ndivyo nilivyotaka. Watu wanaliita Kaburi. Sikulipa jina hilo mimi, ila sikulikataa.

Sasa binti yangu ndiye msimamizi wa uwanja mzima. Katoka shule ya nyasi. Ndiyo, ipo. Kama nyasi zina shule, basi ng'ombe wa babu yangu alikuwa profesa.

Anataka wachezaji waanzie mbele, si kwenye tii yangu. Eti shimo liko mbali mno. Nilimwambia, "Mama, kifo nacho kiko mbali, lakini kila mtu anafika."

Hakucheka. Hacheki na mimi siku hizi.


Jumatano, tarehe 5

Mvua. Mashine za kukata nyasi zimelala. Nimegomba na Fundi wa mashine kuhusu mafuta. Nilikuwa sahihi.


Jumapili, tarehe 9

Mvua tena. Mke wangu kasema binti atakuja kula, tusizungumze gofu. Tulikaa mezani kama wafiwa. Wali ulipoisha, mama yake mwenyewe akauliza, "Kwani hilo shimo lina nini?"

Binti akaweka kijiko chini. "Mama, shimo zuri la kumalizia ni lile linalompa mtu nafasi mbili. Aende salama, apate cha kawaida. Au ajaribu kuuruka mfereji kwa pigo la pili, apate utajiri au afilisike. La baba halina nafasi mbili. Kutoka kule nyuma hakuna anayeweza kufika grini kwa mapigo mawili. Wote wanapiga fupi, wanasimama kabla ya mfereji, wanauvuka kwa la tatu. Yule aliyetangulia anajua atashinda kabla hajafika. Halina swali."

"Lina woga," nikasema. "Shimo la mwisho kazi yake ni kutisha. Mtu mzima afike pale magoti yagongane."

"Ukimwonyesha mtu ukuta, baba, hatishiki. Anageuka tu. Mwonyeshe mlango ulioachwa wazi kidogo ndipo utamwona anatoka jasho."

Maneno ya shule hayo. Nimeondoka mezani.


Jumatatu, tarehe 10

Nimefanya jambo la akili. Nimekwenda kwa Mwenyekiti wa klabu moja kwa moja, ofisini kwake, kabla binti hajaamka vizuri. Mwenyekiti ni mtu wa maana. Alinikaribisha kiti. Nikamwambia msimamizi wake anataka kulifanya shimo la mwisho liwe la watoto wa chekechea, na wageni watatucheka.

Akapiga meza. "Mzee, wewe ndiye unayenielewa. Nataka watu waende makwao wakisema klabu yetu ni ngumu. Nataka walie." Akaandika amri palepale, siku zote nne mpira wa kwanza upigwe kutoka tii ya nyuma.

Nimeshinda. Shimo langu litachezwa kama nilivyolizaa. Umri wangu huu sidhani nitauona ubingwa mwingine hapa, na sikuomba kingine.


Jumanne, tarehe 11

Binti kajua. Alinikuta nafyeka kingo za mfereji. Nilidhani atapiga kelele, nilikuwa nimejiandaa. Hakupiga. Kasema, "Baba, mimi ni mkuu wako kazini. Ungekuja kwangu." Akaenda.

Nimemfuata kwa macho mpaka kibandani. Mkuu wangu! Nilimbeba mgongoni kwenye uwanja huuhuu akiwa na mafua!


Ijumaa, tarehe 14

Mvua kutwa. Vibarua wanamwita binti "Mkuu" na mimi wananiita "Mzee". Nimewaambia wasinizungumzishe.


Jumanne, tarehe 18

Mvua kubwa usiku kucha. Asubuhi ukikanyaga nyasi unasikia maji yanakujibu. Binti alikuja na Fundi, akachukua mpira, akaupiga mbele yangu kusudi. Mpira ukaanguka pwaa, ukakwama palepale kama jiwe kwenye ugali.

"Umeona? Haubingiriki. Kila pigo limekuwa fupi zaidi. Tii yako ilikuwa mbali wakati wa kiangazi, sasa iko nchi nyingine."

"Watapiga kwa nguvu zaidi."

Fundi, mdomo wake haujawahi kufungwa, akasema, "Mzee, hata punda ukimchapa vipi haruki ziwa."

"Wewe tengeneza mashine," nikamwambia. "Punda waachie wenyewe."

Mvua ni kisingizio. Mchezaji wa kweli hatafuti kisingizio.


Jumatano, tarehe 19

Nyasi za kingo zimekatwa vizuri sana. Nimezikata mimi. Hakuna aliyesema kitu. Mtu anaweza kufa kwa kutosifiwa.


Jumatatu, tarehe 24

Wamefunga mahema ya watazamaji kuzunguka grini. Mwenyekiti alipita na wageni akininyooshea kidole: "Huyu ndiye baba wa Kaburi." Wote wakanishika mkono. Binti alikuwa hatua chache kutoka hapo amepiga magoti kwenye matope, anazibua bomba. Mwenyekiti hakumtaja. Nami sikumtaja.


Alhamisi, tarehe 27. Siku ya kwanza

Nilivaa shati safi, nikakaa kwenye kiti cha mbele kabisa pembeni ya grini kuangalia watu wakizikwa.

Wa kwanza akapiga kutoka tii yangu. Pigo la pili akalipiga fupi, mpira ukasimama kabla ya mfereji. Kwa la tatu akauvusha. Akausukuma kwenye grini mara mbili, ukaingia shimoni. Tano. Akavua kofia, akaenda.

Aliyefuata naye hivyohivyo. Na mwingine. Na mwingine.

Mpaka jioni, hakuna hata mmoja aliyejaribu! Hata mmoja! Hakuna aliyeingia mfereji na hakuna aliyeushinda. Waoga wakubwa, wanaume wenye mabega kama milango, wanapiga vipira kama wanakwepa bakuli la mchuzi. Nilisimama nikamfokea mmoja, "Jaribu basi, kijana!" Mlinzi akanikalisha.

Mama mmoja nyuma yangu alikuwa anamsuka mwanawe nywele. Kwenye shimo la mwisho la ubingwa mtu anasuka nywele!

Fundi akanong'ona, "Mzee, Kaburi limekuwa foleni ya kituo cha basi. Kila mtu anangoja zamu yake na hakuna kinachotokea."

Hasira zimenijaa. Wachezaji wa siku hizi hawana damu.


Ijumaa, tarehe 28

Vilevile. Mvua vilevile. Waoga vilevile.


Jumamosi, tarehe 29

Leo nilikaa kwa watazamaji wa nyuma ili nisimwone mtu anayenijua. Wawili wamejitenga mbele ya wengine. Mmoja tunamwita Kipara, ndiye anayeongoza. Mwingine ni Mrefu, yuko nyuma yake pigo moja. Pigo moja tu! Kesho ndiyo fainali. Mtu angedhani watu hawatalala.

Lakini nilimsikia bwana mmoja akimwambia mkewe, "Kesho tuondoke mapema tuwahi barabara. Kipara akifika la kumi na nane akiwa mbele kwa pigo moja, basi. Pale hakuna cha kubadilika."

Nilitaka kumkamata shingo. Nikafungua mdomo nimwambie kuwa hajui gofu. Nikaufunga, nikahama kiti.

Chakula hakikushuka. Mke wangu akauliza naumwa wapi. Nimemwambia kila mahali.


Jumapili, tarehe 30. Fainali

Nitaandika yote.

Alfajiri nilifika uwanjani kabla ya kila mtu, nikidhani. Binti alikuwa amewahi. Nilimkuta anang'oa zile alama mbili za rangi zinazoonyesha mstari wa kupigia, anazitoa kwenye tii yangu. Alizibeba mbele, mbele sana, akazichomeka kwenye tii ya mbele, ile ninayoidharau.

Nilimkimbilia. Miguu hii haikimbii lakini leo ilikimbia. "Unafanya nini wewe? Amri ya Mwenyekiti umeiona! Utafukuzwa! Na shimo langu, shimo langu unalivua nguo siku ya mwisho!"

Akasimama wima. Uso umelowa mvua. "Zirudishe basi. Hizo hapo. Sitakuzuia. Lakini kwanza niangalie machoni uniambie siku hizi tatu umefurahi."

Nilizishika zile alama. Nilizishika kabisa, mkono mmoja kila moja. Nilitaka kuzing'oa na kumchapa nazo.

Sikuzing'oa. Sijui kwa nini. Labda sababu ya yule mama na nywele zake. Nilimwambia, "Umezichomeka vibaya, zimepinda." Nikazinyoosha. Ndiyo hayo tu niliyoyafanya, kuzinyoosha.

Mwenyekiti alifika wachezaji wa kwanza wakiwa wameshapita pale. Sheria ya mchezo haina mjadala, wakishaanza wote lazima wapigie palepale. Alikuja na mwavuli, mashavu yanatetemeka. "Nani kafanya upuuzi huu? Nani?"

Binti akafungua mdomo.

"Mimi," nikasema.

Nilimwahi tu. Ukiona gari linakuja na mtoto yuko barabarani huketi kutafakari.

"Wewe mzee? Wewe uliyeniomba kwa mdomo wako?"

"Nimebadili mawazo. Mwenye shimo ni mimi."

Akasema ningekuwa kijana angenizaba kibao. Akasema mashindano yakiisha nisikanyage tena pale. Nikamwambia mwavuli wake unamvujia. Binti alinitazama mimi, si Mwenyekiti, akageuka akaenda zake.

Sasa jioni. Wawili wa mwisho, Kipara mbele kwa pigo moja. Watu hawajaondoka kwa sababu kutwa nzima pale mambo yamekuwa moto. Mmoja kavuka mfereji kwa la pili akapata tatu, watu wakaruka juu. Mwingine katumbukia akapata saba, akakaa chini kwenye nyasi kama mtoto. Na baina yao wapo waliokwenda salama. Kila anayekuja, watu wanaulizana, "Huyu ataenda? Hataenda?"

Mrefu kapiga kwanza pigo la pili. Hakufikiri. Yuko nyuma, atafikiri nini? Mpira ukapaa, ukauruka mfereji, ukaanguka grini pwaa, ukakaa. Matope yaleyale niliyoyatukana mwezi mzima yakaushika.

Ikawa zamu ya Kipara. Alichukua fimbo fupi, ya kwenda salama. Akairudisha kwenye mkoba wa fimbo. Akachukua ndefu. Akatazama mfereji. Akairudisha. Nilikuwa karibu, nikaona shingo yake imetoka jasho kwenye mvua ile. Magoti yake hayakugongana. Hakuwa ametishwa. Alikuwa ametamani. Mtu aliyetamani ana hatari kuliko aliyetishwa, na mimi katika maisha yangu yote ya shimo lile sijawahi kumwona mtu akilitamani.

Akachukua ndefu. Akapiga. Mfereji ukaula.

Sita kwake, nne kwa Mrefu. Mrefu bingwa kwa pigo moja. Na Kipara, badala ya kurusha fimbo, akamkumbatia mwenzake akicheka kwa uchungu, akasema kwa sauti tukamsikia sote, "Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka mwenyewe!"

Yule bwana wa kuwahi barabara alikuwa amesimama juu ya kiti.

Watu wa magazeti wakamzunguka Mwenyekiti wakimsifu kwa shimo la mwisho. Na yeye, bila haya, "Tulikusudia hivyo." Kisha akanivuta, akanishika bega. "Na huyu mzee wetu ndiye aliyethubutu." Wakanipiga picha. Nilisimama vizuri. Nilitabasamu, sikatai.

Nilipofika nyumbani binti alikuwa amekaa jikoni na mama yake. Nilidhani atanishukuru. Nimemkinga na kufukuzwa!

Akasema taratibu, "Baba, kitu kimoja. Kitu kimoja tu nimefanya mwenyewe pale. Na hicho nacho umekichukua."

"Nilikuwa nakuokoa!"

"Nilikuomba?"

"Hana shukrani huyu!" nikamwambia mke wangu.

Mke wangu akasema, "Kaandike."


Jumatatu, tarehe 1

Mwenyekiti kanisamehe. Kakusanya wafanyakazi wote mbele ya jengo, kanipa kiti, kasema kitawekwa kibao cha shaba kwenye tii ya mbele: Shimo la Mzee. Makofi. Shaba kabisa. Nimelisubiri jambo hilo tangu sina mvi. Binti alikuwa nyuma kabisa, anapiga makofi na wenzake kama mtu anayekung'uta vumbi mikononi.

Hapo hasira ikanipanda. Si kwake. Sijui kwa nani. Nikasimama.

"Niliwadanganya. Aliyesogeza ni huyu binti. Mimi nilikuja kumzuia. Nilichofanya ni kunyoosha alama zilizopinda. Mkitaka kibao, andikeni jina lake."

Mwenyekiti akageuka polepole. Nilidhani atamwita mbele. Wallahi nilidhani hivyo, mimi mtu mzima.

"Msimamizi," akasema, "ulikiuka amri yangu ya maandishi?"

"Ndiyo."

"Basi huo ni utovu wa nidhamu. Kabidhi funguo."

Jana! Jana nilipokuwa mimi ulikuwa uthubutu! Alama zilezile, nyasi zilezile, shimo lilelile! Nilimwambia hivyo kwa sauti iliyofika barabarani. Nilimwambia mengine ambayo mke wangu amenikataza kuyaandika. Fundi na vibarua wawili walinishika mikono. Na huyu ndiye niliyekwenda ofisini kwake alfajiri kumsema mwanangu, nikakalia kiti chake nikajiona mtu!

Binti aliweka funguo mezani. Tukatoka pamoja getini, mvua inanyesha, hakuna mwenye mwavuli.

Nikamwambia, "Nimekufukuzisha kazi."

"Ndiyo."

"Ungenyamazisha mdomo wangu zamani."

"Nani anaweza?" Halafu akasema, "Asante, baba."

"Ya nini?"

"Nimefukuzwa kwa nililofanya mimi."

Siielewi hiyo vizuri bado. Naiandika ili nisiisahau.


Alhamisi, tarehe 4

Mwenyekiti kamtuma Fundi kuniambia nirudi, nishike usimamizi mpaka apatikane mwingine. Nimemwambia Fundi amwambie shimo lile halinijui tena. Fundi akasema, "Nimwambie hivyo kwa adabu au kama ulivyosema?" Nimemwambia achague lenye makelele.


Jumatano, tarehe 10

Mvua imepungua. Nakaa nyumbani. Nimegomba na kuku wa jirani.


Jumamosi, tarehe 13

Habari za gofu zinatembea kuliko za misiba. Kuna watu wana ardhi tupu, vichaka na kilima kimoja, wanataka uwanja mpya. Waliuliza ni nani aliyesogeza tii siku ya fainali. Walimpigia binti yangu. Kapata kazi.

Leo kanipeleka kuiona. Tulipanda kilima, mimi kwa fimbo, yeye mbele. Chini majani marefu mpaka kiunoni, hakuna hata kijiti kilichopigwa rangi kuonyesha mpaka. Akasimama, akanyoosha mkono akaupitisha juu ya ardhi yote ile.

"Baba, ungekuwa wewe, shimo la mwisho ungeliweka wapi?"

Nililiona palepale. Kutoka kilimani kushuka, bonde upande wa kushoto, tii juu kabisa, mbali, mbali. Jibu lilinijaa mdomoni mpaka meno yakauma.

Nikamuuliza, "Wewe ungeliweka wapi?"

Akaanza. Alisema mpaka jua likatugeuka. Alitembea huku na kule akinionyesha pa kujaribu na pa kukimbilia, na mahali pawili nilijua kabisa amekosea, na nilinyamaza. Kunyamaza ni kazi nzito kuliko kuchimba mfereji, na hakuna mzee aliyewahi kuifanya vizuri kama nilivyoifanya mimi leo.